Shikamoo za Upande wa Kushoto

Ninafundisha hisabati katika shule ya msingi huku Temeke, na sikio langu la kushoto halisikii kabisa. Leo nalisema hili mbele ya yeyote. Kuna wakati nisingeweza, na ndiyo sababu ninashuhudia.

Lilizimika usiku, bila maumivu. Niliamka na mvumo upande wa kushoto, na kizunguzungu kilichonilazimu kushika ukuta ili nifike mlangoni. Zahanati niliyokwenda walinipa dawa ya matone ya kulainisha nta, nikaitumia nikisubiri sikio lizibuke. Nilipofika kwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo, na kupimwa usikivu ndani ya chumba kisichopitisha kelele, wiki zilikuwa zimepita. Alinieleza kwamba sikio halikuziba. Sikio la ndani ndilo lililoumia. Hali hiyo huja ghafla, mara nyingi chanzo chake hakijulikani, na vidonge vya steroidi hufaa zaidi vikianzwa siku za mwanzo, kabla ya wiki mbili kupita. Alinipa dawa, lakini usikivu haukurudi.

Watu walinifariji, "Si unalo jingine?" Kweli, penye utulivu nilisikia vizuri. Lakini ubongo hutambua sauti inakotoka kwa kulinganisha masikio mawili: lipi limeipata kwanza, na lipi limeipata kwa nguvu zaidi. Tofauti hiyo ya muda haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ukibaki na sikio moja, ulinganisho huo haupo. Honi ya bodaboda inayotokea kushoto naisikia kama iko kulia, kwa hiyo barabara sivuki mpaka nigeuze shingo pande zote. Harusini, muziki ukianza, maneno ya aliyeketi kushoto kwangu hayanifikii. Nakaa mbali na spika, maana sikio lililobaki ndilo akiba yangu.

Kilichoniumiza kuliko vyote ni shikamoo. Watoto husalimia wakipita, na waliopita kushoto sikuwaitikia. Mtoto asiyepata marahaba ya mwalimu wake huenda nyumbani na neno moyoni. Mama mmoja alinifuata getini, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, mwanangu amekukosea nini?" Nikamweleza palepale. Akanipa pole, akahamia kulia kwangu, tukaendelea kuongea.

Kesho yake niliwaambia wanafunzi wote. Tukaweka utaratibu: anayetaka kujibu anyooshe mkono, ataje jina lake kwanza, ndipo ajibu, na mwingine asimkatize. Meza yangu niliisogeza hadi ukuta ukawa kushoto kwangu na darasa zima kulia. Wanaonisalimia huja mbele yangu, wakaniangalia usoni. Matunda yake sikuyatarajia. Watoto wapole, ambao majibu yao yalikuwa yakipotea katikati ya wenye sauti kubwa, walianza kusikika. Msichana wa dawati la nyuma, aliyekuwa hafungui kinywa, sasa ndiye anayewaelekeza wenzake kujumlisha sehemu. Utaratibu uliowekwa kwa ajili ya sikio langu umewapa nafasi wao.

Ndugu msomaji, sikio likizimika ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo. Omba lichunguliwe ndani na usikivu upimwe, usirudi nyumbani na matone tu ukisubiri lizibuke lenyewe. Na kama limeshazimika, waambie watu wakae upande gani. Usingoje wakudhanie kiburi. Wengi wa niliowaambia walihama kiti bila swali. Walichokosa ni kuambiwa.