Kufugwa na Kufugika: Komba wa Shangazi

Katika Kiswahili cha pwani, komba amepewa sifa moja akanyimwa nyingine zote, nayo ni ulevi. Mtu aliyelewa chakari husemwa amelewa kama komba, na wagema wana visa chungu nzima vya mnyama huyu aliyepanda mnazi usiku, akanywa tembo ndani ya kibuyu kilichotungikwa kileleni, kisha asubuhi akakutwa chini ya mti hajijui hajitambui. Amjuaye komba kwa njia ya misemo pekee humdhania kuwa kichekesho. Mimi nilimjua kwa njia nyingine. Shangazi yangu wa Jomvu Kuu aliishi naye nyumba moja kwa muda wa miaka miwili, nami nilikuwa nikilala katika nyumba hiyo kila likizo.

Jomvu, ambayo wenyeji wake wa asili huhesabiwa miongoni mwa Tisa Taifa za Mvita, ilikuwa nchi ya mikoko kandokando ya mkono wa bahari, na minazi na miembe upande wa bara. Mikoko ingalipo, ingawa imepungua. Miembe ndiyo iliyopatikana na msiba, maadam kila kiwanja kilicho karibu na barabara kuu ya Nairobi kimegeuka kuwa cha nyumba za kupangisha. Mwaka 2015 ulikatwa mwembe mkubwa nyuma ya nyumba ya shangazi. Vibarua walipokuwa wakikusanya matawi, walikuta kitoto cha komba kisichozidi ukubwa wa ngumi, hai, na mama yake hayupo. Desturi ya komba jike ni kumwacha mtoto wake juu ya tawi akaenda kutafuta chakula, kisha akamrudia. Kwa hiyo si kila mtoto aonekanaye peke yake ni yatima. Huyu, hata hivyo, hakuwa na tawi la kurudiwa. Shangazi alikuwa amemaliza eda ya mumewe miezi michache nyuma, na watoto wake wote walikuwa wameolewa na kuoa kwingine. Alimpokea kwa upindo wa leso.

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa maziwa ya unga kwa bomba la sindano isiyokuwa na sindano, kila baada ya saa mbili au tatu. Halafu zikafuata ndizi na papai. Baadaye tulifahamu kwamba matunda pekee hayamtoshi, kwani porini komba hula wadudu kwa wingi. Basi akaanza kuwasaka mende wa jikoni, na hapo nilipata furaha ndogo ambayo wanafunzi wa Kiswahili wataielewa: komba akila kombamwiko. (Jina la mdudu huyu, bila shaka, limetokana na kitenzi kukomba, wala halina udugu na jina la mnyama, lakini ilikuwa vigumu kumshawishi mtu yeyote katika nyumba ile.)

Komba ni kiumbe wa usiku. Mchana kutwa alilala ndani ya kapu juu ya kabati, amejikunja kama kitambaa. Adhana ya magharibi ilipolia alifungua macho, yale mato makubwa, kama asemavyo shangazi kwa Kimvita chake, ambayo hayazunguki sana mahali pake hata humlazimu kugeuza kichwa kizima ili atazame upande. Baada ya hapo nyumba haikuwa yetu tena. Aliruka kutoka kabatini hadi juu ya mlango, kutoka mlangoni hadi kwenye pazia, kutoka pazia hadi kichwani pa mgeni. Vikombe vya harusi ya shangazi, vilivyodumu tangu ujana wake, vilikwisha kwa mwaka mmoja. Nilipotaka kumfunga katika chumba kimoja, shangazi alisema, "Muate. Kutwa amelala, sasa ndiyo asubuhi yake."

Hayo yote huvumilika. Lisilosemwa na wale wanaomtamani komba kwa uzuri wa macho yake ni jambo la mkojo. Komba hukojolea viganja vyake, akavipaka nyayoni, kisha akatembea. Hafanyi hivyo kwa utundu wala kwa kukosa mafunzo. Ndivyo alivyoumbwa, na kila apitapo huacha harufu yake. Fauka ya hayo, dume akikua husugua kifua chake juu ya vitu ili kuvitia alama. Sasa zingatia, msomaji, maana ya jambo hili katika nyumba ya Mwislamu aliyeshika sala tano. Mkojo ni najisi. Mswala ulioachwa wazi usiku haukufaa kusaliwa alfajiri. Buibui lililotundikwa ukutani halikuaminika. Shangazi alilazimika kuweka mswala, kanga za kusalia na msahafu ndani ya sanduku la bati lenye kufuli, na kila alfajiri, kabla ya kutawadha, alipiga deki mahali pa kusalia. Sijawahi kumsikia akinung'unika kwa hilo. Alifua, akasali, akamwekea papai. Lakini mwanamke mwenye umri wake kuinama na tambara kila siku kabla ya jua kuchomoza si jambo dogo, na mimi nililitazama kwa uchungu.

Kisha kulikuwa na sauti. Kilio cha komba hufanana mno na cha mtoto mchanga. Kilipovuma saa nane za usiku kutoka katika nyumba ya mjane asiyekuwa na mtoto, majirani walianza kunong'ona, na mnong'ono mtaani hauchelewi kupata jina. Ilisemekana amefuga jini. Wapo walioacha kumnunulia mahamri aliyokuwa akiuza asubuhi, na hicho ndicho kilichokuwa kitega uchumi chake. Alipoulizwa, jibu lake lilikuwa moja: "Jini hali mende."

Komba alipokaribia miaka miwili, alibaleghe, na tabia yake ikabadilika. Aliyekuwa akilala katika leso ya shangazi sasa alimng'ata mkono alipomgusa kapuni. Siku moja mtoto wa jirani alitia kidole kupitia dirishani ili amguse, akang'atwa hadi damu. Jeraha lilioshwa kwa sabuni na maji mengi, kama ipasavyo, kisha mtoto akapelekwa hospitali kuchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Kwani ingawa nchini Kenya ugonjwa huo huletwa na mbwa zaidi, mnyama yeyote anyonyeshaye anaweza kuubeba, na ukishadhihiri dalili zake karibu hauna dawa. Shangazi alilipa nauli ya kila safari ya sindano.

Katika majuma hayo ndipo nilipoanza kufikiri juu ya kitenzi fuga. Twafuga kuku, ng'ombe, ndevu, hata maradhi. Kauli ya kutendwa haimwulizi mtendwa hali yake: komba alifugwa, jambo hilo halina shaka. Kauli ya kutendeka ndiyo yenye mtihani, kwa kuwa inauliza kama tendo linakubalika katika maumbile ya mtendwa mwenyewe. Punda amefugika, maana vizazi vyake vimeishi na binadamu kwa zaidi ya miaka 5,000. Komba yule alikuwa na miaka miwili tu nyuma yake.

Wala si sisi peke yetu tuliokanganya kauli hizi mbili. Huko Japani, mwaka 1977, kulionyeshwa katika televisheni katuni ya rakuni, mnyama wa Amerika Kaskazini mwenye weusi machoni mfano wa kinyago na pete mkiani. Familia nyingi zikaagiza watoto wa rakuni kutoka ng'ambo. Walipokua wakauma na kuvunja, wengi wakaachiliwa misituni, na hadi leo wanaharibu mashamba na mahekalu ya nchi hiyo.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 kuhusu wanyamapori hairuhusu mtu kuweka mnyama wa mwitu nyumbani bila kibali, na shangazi hakuwa nacho. Lakini hakuogopa sheria. Aliogopa mtoto wa pili kung'atwa. Mwaka 2017 aliniambia nipige simu. Maafisa wa wanyamapori walikuja mchana, komba akiwa usingizini, wakamchukua pamoja na kapu lake. Shangazi aliuliza kama watampa mende. Mmoja wao alimjibu kwa adabu kwamba mama asiwe na shaka, wadudu hawatakosekana.

Wanunuzi wa mahamri walirejea mmoja mmoja. Mswala umetoka sandukuni. Shangazi mwenyewe hulala baada ya adhuhuri, huamka magharibi, na saa nane za usiku ukipita dirishani kwake utamwona ameketi jikoni, taa imewashwa, akimenya papai.