Túrin na Wasomaji Wake

Kisa cha Túrin mwana wa Húrin kina majonzi kuliko vyote alivyovitunga J.R.R. Tolkien, na kiliwafikia wasomaji vipande vipande. Tolkien alianza kukiandika karibu na mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, akakijaribu kwa nathari, akakijaribu kwa shairi refu, akakiweka kando, kisha akakirudia katika miaka ya 1950. Alipofariki tarehe 2 Septemba 1973 aliacha lundo la miswada isiyopatana. Kitabu kizima, The Children of Húrin, kilitoka Aprili 2007, kikiwa kimeunganishwa na mwanawe Christopher, aliyekuwa na umri wa zaidi ya miaka 80.

Húrin ni bwana wa watu anayetekwa vitani na Morgoth, adui mkuu wa ulimwengu ule. Anakataa kufichua ulipo mji wa siri wa Gondolin. Morgoth anailaani familia yake yote, kisha anamketisha kwenye kiti cha jiwe juu ya mlima, atazame kwa macho ya adui yake yatakayowapata wanawe. Anakaa mateka miaka 28. Túrin, mwenye umri wa miaka 8, anapelekwa na mama yake Morwen kulelewa na Thingol, mfalme wa Waelfi. Tangu hapo kila anachokishika kinaharibika. Anamuua rafiki yake Beleg gizani akidhani ni adui, na kumbe Beleg alikuwa akimkata pingu. Anawashauri watu wa Nargothrond wajenge daraja mbele ya lango lao, na joka Glaurung linapokuja linavuka kwa daraja hilohilo. Mwisho anamwoa mwanamke asiyejua jina lake wala kwao, kwa kuwa joka limemfuta kumbukumbu. Mwanamke huyo ni Nienor, dada yake wa damu, na ukweli unapofichuka tayari ana mimba. Nienor anajitupa kwenye korongo la mto, naye Túrin anajiua kwa upanga wake mwenyewe.

Umma ulikutana na kisa cha Túrin mara ya kwanza mwaka 1977, katika The Silmarillion. Kitabu hicho kiliongoza vitabu vyote vya hadithi kwa mauzo nchini Marekani mwaka ule, lakini kununuliwa ni jambo moja na kusomwa ni jingine. Wengi walitarajia Wahobiti, mabomba ya tumbaku na safari yenye vituko. Walikuta nasaba, vita na majina yanayofuatana kama tasbihi, kwa lugha yenye uzito wa kitabu kitakatifu. Túrin alikuwa katika sura ya 21, na waliochoka njiani hawakumfikia. Waliofika walikuta mtu mwenye hasira, aibu na huruma, baada ya kurasa nyingi ambamo wafalme hupita kama vivuli. Hata hivyo sura ile ni muhtasari. Túrin anakosa, anakimbia, anabadili jina na kukosa tena, yote kwa haraka kiasi kwamba msomaji hapati nafasi ya kumhurumia.

Mwaka 1980 kikaja Unfinished Tales, chenye kisa hichohicho kwa urefu zaidi na mazungumzo yake, ila kina pengo katikati na tanbihi nyingi. Baada yake zikafuata juzuu 12 za miswada, kati ya 1983 na 1996. Katika miaka hiyo Túrin aligeuka mali ya wachambuzi. Swali lililoulizwa zaidi lilikuwa ni andiko lipi lililo la kweli, na kisa kilichotwa wapi. Kwa hilo la pili Tolkien mwenyewe alikwisha kujibu katika barua ya mwaka 1951 hivi: kuna chembe za Sigurd wa Waskandinavia, za Oedipus wa Wagiriki, na za Kullervo wa Kalevala, utenzi mkuu wa Wafini. Kullervo naye analala na dada yake bila kujua, naye anajiua kwa upanga. Uchambuzi huo ulikuwa na faida, lakini haukumliza mtu.

Kitabu cha 2007 kiliingia sokoni baada ya filamu za Peter Jackson za The Lord of the Rings, za 2001 hadi 2003, wakati jina la Tolkien lilikuwa midomoni mwa watu wasiowahi kufungua kitabu chake. Mchapishaji alitangaza kuwa nakala 900,000 zilikuwa zimechapwa duniani katika wiki mbili za kwanza. Christopher alifanya uamuzi mmoja wa busara: aliziondoa tanbihi ndani ya hadithi, maelezo ya kitaaluma akayapeleka mwishoni, ili asiyejua lolote aanze ukurasa wa kwanza na kuendelea. Alan Lee akachora picha.

Lawama ya kwanza ilitangulia hata kusomwa kwa kitabu: kwamba mtoto anamkamua marehemu baba yake kama ng'ombe. Wengine waliuliza kalamu ni ya nani hasa. Christopher alieleza kuwa aliunganisha vipande kwa sentensi chache za kupitishia, na kwamba hakubuni tukio lolote. Anayevilinganisha vitabu anaona kuwa maneno mengi yalikwisha kuchapwa mwaka 1980, kwa hiyo madai ya kughushi hayana mguu wa kusimamia. Malalamiko kuhusu lugha yana haki zaidi. Wahakiki kadhaa waliiona ngumu na ya kizamani, hali wengine, kama Elizabeth Hand katika Washington Post, waliusifu uzuri wa giza lake. Ukweli ni kwamba mwendo wa kitabu hauko sawa. Sehemu ya Nargothrond inakimbia kwa sababu Tolkien hakuwahi kuikamilisha kwa urefu, na msomaji anaihisi haraka hiyo kama abiria anavyohisi dereva amebadilika.

Lawama nyingine ilihusu huzuni yenyewe. Katika The Lord of the Rings yupo Sam wa kupika na kufariji, na mwishoni pete inaangamia. Hapa hakuna wa kufariji. Waliokuja kutoka sinema walikifunga kitabu wakiwa wamekasirika, na kusema kweli hawakudanganywa na mtu: tanzia ndivyo ilivyo.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alikuwa miongoni mwa waliokasirika. Alikisoma ujanani, nakala ya kuazima iliyokwisha kulegea gamba, na hasira yake yote aliielekeza kwa Morgoth. Laana ilikuwa laana, Túrin alikuwa mwana mwema aliyeonewa, basi. Msomaji aliyekulia na kisa cha Fumo Liyongo, aliyeuawa na mwanawe wa kumzaa, hashtuki shujaa akiangamizwa na watu wa nyumbani. Kilichomsumbua ni kwamba wengi wa waliomponza Túrin walimpenda, na kwa hilo hakuwa na wa kumlaumu ila shetani.

Aliposoma mara ya pili, miaka mingi baadaye, akiwa na watoto wake, lawama zilihama. Ukurasa alioupita mbio ujanani sasa ulimzuia. Mwanzoni kabisa, kabla ya vita na kabla ya laana, tauni inaingia nyumbani kwa Húrin na kumchukua binti wa miaka 3, ambaye watu walimwita Lalaith kwa kicheko chake. Túrin, aliyeugua pamoja naye, anapata nafuu na kumuulizia. Yaya anamwambia asimtaje tena Lalaith. Habari za dada yake akamuulize mama. Mama anamjibu wazi, kwa maneno machache, bila kumbembeleza. Kisha ni Morwen huyohuyo anayemtuma mwanawe ugenini na kukataa kwenda naye, kwa kuwa hataki kuishi kwa hisani ya mfalme. Asingekataa, Nienor angekulia karibu na kaka yake, na joka lisingekuwa na la kufanya. Nyumba ile ilikuwa na kiburi chake kabla Morgoth hajatamka neno.

Ndivyo mjadala ulivyogeuka pia miongoni mwa wasomaji wengine, kwa kadiri kitabu kilivyozoeleka. Aliyeandika aliacha kuwa swali. Mkosaji ndiye akawa swali. Wapo wanaoshikilia laana. Wapo wanaohesabu mara ambazo Túrin alipewa ushauri mzuri akaukataa, nazo si haba: Thingol alimsamehe, naye akabaki na majambazi porini kwa kiburi. Wengine wamesimama upande wa Brandir, yule kiongozi kilema aliyempenda Nienor, akausema ukweli mbele ya Túrin, na kuuawa kwa kuusema.

Jambo moja la uhariri lilichangia mgeuko huo. Katika kitabu cha 1977, kukutana kwa Húrin na Morwen baada ya kufunguliwa kwake kumo katika sura inayofuata, ndani ya habari za kuanguka kwa Doriath, ufalme wa Thingol, ambako ni rahisi kupotea. Mwaka 2007 Christopher alikuweka mwisho kabisa. Wazee wawili wanakaa kando ya jiwe la kaburi la watoto wao, jua likitua. Morwen anauliza binti yao alimpataje kaka yake. Húrin, aliyeyaona yote kutoka kitini, hajibu. Usiku unapoingia Morwen amekwisha kufa.

Christopher alitoa hadithi nyingine mbili kubwa za baba yake, Beren and Lúthien mwaka 2017 na The Fall of Gondolin mwaka 2018, kabla ya kufariki Januari 2020. Waliozifungua wakitarajia masimulizi mfululizo kama ya Húrin walikuta matoleo ya enzi mbalimbali yamewekwa sambamba na kufafanuliwa, maana miswada haikuruhusu zaidi ya hapo.