Kiwanjani ya Isiolo na Mabaki ya Ndege za Vita

Msafiri atokaye Nanyuki kwenda kaskazini huyaacha nyuma mashamba ya ngano ya Timau na ubaridi wa Mlima Kenya, kisha barabara huanza kuteremka. Upepo hugeuka kuwa wa joto, miti mirefu huwa haba, na migunga huchukua mahali pake. Chini ya mteremko ule upo mji wa Isiolo, mlango wa nchi ya ngamia na mbuzi. Na ubavuni mwa mji ipo mitaa inayoitwa Kiwanjani.

Jina hilo halihitaji mkalimani. Kiwanja ni kiwanja cha ndege, na Kiwanjani ni mahali kilipo. Kiwanja chenyewe kiko mpakani mwa Isiolo na Meru, na baada ya kujengwa upya kilifunguliwa rasmi na Rais Uhuru Kenyatta mwaka 2017. Ili kupanuliwa, watu wengi waliokuwa wakikaa karibu nacho walihamishwa, na habari ya viwanja vyao vya kujengea nyumba ilizua mashauri marefu. Hivyo mwenyeji wa Kiwanjani huijua ndege kwa njia mbili: kama kitu kipitacho juu ya paa lake, na kama kitu kinachoweza kulihamisha paa lenyewe.

Isiolo ni mji wenye majina ya namna hiyo. Yako Kambi ya Juu, Kambi Garba, Kambi Odha, na makambi mengine. Wasomali waliotumika katika Vita Kuu ya kwanza ni miongoni mwa watu waliopewa makao hapo, na hata leo askari wa Jeshi la Kenya wana vyuo vyao vya mafunzo katika mji huo. Basi si ajabu kwamba mtu apendaye kukusanya kumbukumbu za vita, hasa vita vya angani, akiwaza juu ya Kenya ya Kaskazini huanza kuwaza juu ya Isiolo.

Kazi hiyo ya kukusanya kumbukumbu za ndege za vita ni maarufu sana katika Uingereza, Marekani na Afrika Kusini. Wako watu ambao hutafuta kofia za marubani, saa na mishale ya kupimia mwendo iliyokuwa mbele ya rubani, nishani, beji, picha, ramani, na hata kipande cha bati la ubawa wa ndege. Hulipa fedha nyingi, na tena huandika habari za kila kitu katika daftari. Kwetu, vitu vya namna hiyo havitafutwi, vyenyewe hujitokeza. Jembe hugonga chuma, mvua hufukua korongo, mchungaji huona kitu kinachong'aa mchangani. Lakini mara nyingi mwisho wake ni mizani ya mnunuzi wa vyuma vikuukuu, ambaye hupima kilo na halipi chochote kwa ajili ya habari.

Ili kuelewa hasara hiyo ni ya kiasi gani, yafaa kukumbuka mambo yaliyotokea kaskazini mwa Kenya miaka ya 1940 na 1941. Italia iliingia vitani dhidi ya Uingereza tarehe 10 Juni 1940. Wataliani walikuwa wameshika Uhabeshi na upande wa Somalia, kwa hiyo mpaka wote wa kaskazini ulikuwa uwanja wa vita. Tarehe 13 Juni ndege za Wataliani aina ya Caproni, zenye mashine tatu, zilitupa makombora Wajir. Siku iliyofuata ndege za Afrika Kusini ziliwapiga Wataliani huko Moyale. Ndege hizo za Afrika Kusini zilikuwa aina ya Junkers 86, zilizotengenezwa Ujerumani na kutumika kwanza kuchukua abiria wa kawaida. Vita vilipoanza zikafungwa bunduki na makombora, zikatumwa kupigana na rafiki wa Ujerumani. Mwezi wa Julai ngome ya Moyale upande wa Kenya ikaangukia mikononi mwa Wataliani.

Majeshi yaliyokuwa yakielekea kaskazini yalipitia njia ya Isiolo, Archer's Post na Marsabit. Walikuwamo askari wa Keya, askari wa Afrika Magharibi na wa Afrika Kusini, pamoja na madereva, wapishi, wachimba visima na wapasua mawe. Miongoni mwa ndege zilizowasaidia ilikuwa moja iitwayo Hartbees, maana yake kongoni. Ilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine, na mwili wake ulifunikwa kitambaa. Ndege hizo zilikuwa 69 tu: 4 zilitengenezwa Uingereza na 65 Pretoria. Katika hizo zote moja imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya vita mjini Johannesburg. Kitambaa huoza, na mchwa wa nchi yetu hawana heshima kwa historia.

Mwezi wa Februari 1941 Mega ilitwaliwa, na tarehe 6 Aprili majeshi yakaingia Addis Ababa. Mkuu wa Wataliani, Amedeo, Mtawala wa Aosta, ambaye alikuwa jenerali wa jeshi la anga, alikamatwa akaletwa Kenya akiwa mfungwa. Alifariki Nairobi tarehe 3 Machi 1942, na kaburi lake liko katika kanisa la ukumbusho la Wataliani huko Nyeri, pamoja na askari wake. Msafiri aendaye Isiolo kwa njia ya Nyeri anaweza kuliona asubuhi, akafika Kiwanjani kabla ya jua kuchwa.

Sasa tuseme mkulima au mchungaji ameokota kipande cha chuma. Atajuaje kama ni takataka au ni ukumbusho? Kwanza atazame kutu. Chuma cha kawaida huliwa na kutu kikawa chekundu. Lakini bati la ndege kwa kawaida ni alumini, nalo ni jepesi na huwa jeupe-jeupe badala ya wekundu. Pili atazame rangi. Ndege za Uingereza zilikuwa na duara lenye kitovu chekundu, bali za Afrika Kusini zilitia rangi ya machungwa mahali pa ile nyekundu. Kwa hiyo hata alama ndogo ya rangi inaweza kusema ndege ilitoka wapi. Tatu atafute namba. Sehemu nyingi za ndege zilipigwa muhuri wa namba au kufungwa kibati chenye maandishi, na kwa namba hizo mjuzi anaweza kutambua kiwanda na aina ya ndege. Ndiyo sababu haifai kusugua kitu kwa mchanga au kwa brashi ya chuma ili king'ae. Aking'arishaye hufuta ushahidi.

Nishani nazo zina lugha yake. Wengi waliopigana au kutumika katika vita vile walipewa Nyota ya Afrika, yenye pembe sita. Utepe wake una rangi ya mchanga kwa ajili ya jangwa, mstari mwekundu katikati kwa ajili ya jeshi la nchi kavu, wa buluu nzito kwa ajili ya wanamaji, na wa buluu nyepesi kwa ajili ya wanahewa. Nyota za Waingereza zilitolewa bila kuandikwa jina, lakini zile za Afrika Kusini zilipigwa namba na jina la mwenyewe. Fikiri basi juu ya nyota ya askari wa Keya iliyomo ndani ya kisanduku cha bibi mmoja. Haina jina. Maadamu bibi yu hai, kila mtu nyumbani ajua ni ya nani. Siku atakapofariki, kama hapana aliyeandika, itakuwa nyota ya mtu yeyote, yaani si ya mtu.

Hapo ndipo ulipo moyo wa jambo hili. Kitu cha kale bila habari zake ni uzito tu. Katika Ngome ya Yesu, Mombasa, upo mzinga wa manowari ya Wajerumani iitwayo Königsberg. Manowari hiyo ilijificha katika mto Rufiji, na mwezi wa Julai 1915 ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia ziliwaonyesha wapiga mizinga wa Kiingereza mahali makombora yao yalipoanguka, hata ikaangamizwa. Kisha Wajerumani wakaitoa mizinga yake majini, wakaifunga magurudumu na kupigana nayo barani. Mtoto wa shule auonapo mzinga ule hujifunza mambo ya ndege, ya bahari na ya nchi kavu kwa pamoja. Chuma chake si bora kuliko chuma kingine. Bali habari zake zilihifadhiwa, na hilo ndilo lililouokoa usiyeyushwe.

Lakini yako mabaki ambayo hayafai kuokotwa kabisa, na neno hili lastahili kusomwa mara mbili. Kombora ambalo halikupasuka, guruneti, risasi ya mzinga, au kitu chochote chenye umbo la chupa ya chuma na mkia wa mapezi, si ukumbusho; ni mauti yaliyolala. Baruti haizeeki kama mwanadamu. Pengine huzidi ukali kwa kukaa. Watu wa Archer's Post, karibu na Isiolo, na wa Dol Dol wameonja uchungu huo, si kwa sababu ya vita vya 1940, bali kwa sababu ya makombora yaliyobaki mahali pa mazoezi ya kijeshi. Wachungaji waliuawa na wengine wakakatika viungo, wengi wao wakiwa watoto. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa watu zaidi ya 200 waliodai. Fedha hazikurudisha mkono wa mtu hata mmoja. Aonaye kitu cha namna hiyo asikiguse, asikipige jiwe, asikitupe motoni. Aweke alama mbali kidogo, awaondoe watoto na mifugo, kisha apeleke habari kwa chifu au polisi. Tena kuwa na kombora au risasi nyumbani bila ruhusa ni kosa kwa sheria.

Juu ya vitu visivyo na hatari, sheria ya Kenya ina jambo ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 huhesabu kuwa ni kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Ndege ya kwanza kuruka kwa mashine iliruka Marekani mwaka 1903. Kwa hiyo hapana kipande cha ndege hata kimoja kinachoingia katika hesabu hiyo. Waziri anaweza kutangaza kwamba kitu kipya zaidi ya hapo kilindwe, lakini hawezi kutangaza kitu asichokijua. Kadhalika, iko sheria ya mwaka 2015 inayowataka wauza vyuma vikuukuu wawe na leseni, na mwanzoni mwa mwaka 2022 serikali iliisimamisha biashara hiyo kwa miezi michache kwa sababu ya wizi wa nyaya na vyuma vya umma. Hata hivyo mwenye leseni hakukatazwa kuyeyusha historia, maadamu ameinunua kwa haki.

Basi ulinzi wa kwanza ni wa mwananchi mwenyewe, nao hauhitaji fedha. Wahitaji daftari na kalamu. Aokotaye kitu aandike mahali alipokiona, siku, na jina la aliyekiona. Apige picha kabla ya kukiinua. Mwenye nishani, cheti cha kuachishwa jeshi, au picha ya askari, aandike nyuma yake kwa kalamu ya risasi: nani, wapi, mwaka gani. Karani ajuaye kuandika amsaidie jirani asiyejua. Kisha, kitu kikiwa cha maana, apelekewe habari mtunza makumbusho. Yako makumbusho mjini Meru, si mbali na Isiolo.

Jambo hili lina haraka. Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1940 alitimiza miaka mia mwaka 2020. Mashahidi wenyewe karibu wote wamekwisha kwenda, na waliobaki ni watoto wao, waliosikia habari karibu na moto wa jioni. Nao wanazeeka. Chuma chaweza kungoja ardhini miaka mia nyingine; mzee hawezi.

Jioni jua likielekea kuchwa, upepo huteremka kutoka mlimani ukapita juu ya kiwanja cha Isiolo, na vumbi likatua juu ya mabati ya nyumba. Mtoto wa Kiwanjani akiulizwa kwa nini kwao panaitwa hivyo, huonyesha kiwanja kwa kidole. Hilo ni jibu zuri, lakini ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ipo katika visanduku, katika makorongo na katika vinywa vya wazee, na mwenye kuikusanya kabla haijapotea atakuwa amewafanyia watoto hao kazi ya maana.