Mchango Ulipokuwa na Miguu

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika ofisi yetu ya Posta, Dar es Salaam, mchango ulikuwa na miguu. Ulitembea meza hadi meza ndani ya bahasha ya kaki, umeambatana na kaunta buku, na aliyeubeba alikuwa mzee wa masjala. Mwenzetu akifiwa, akijifungua, au mwanawe akilazwa Muhimbili, kabla ya chai ya saa nne mzee alishapiga mistari: jina, kiasi, sahihi. Ila ujuzi wake haukuwa kwenye mistari. Alijua nani kalipa ada jana na nani anakwepa duka la jirani kwa deni. Meza zao alizipita kana kwamba hazioni, akazirudia mshahara ukitoka. Hakuna aliyeambiwa karukwa.

Chai yenyewe ilikuwa baraza. Dada mmoja wa uhasibu alikuwa na jicho la ajabu kwa mitumba ya Karume, na Jumatatu hatukujua atatua na nini: birika lenye midomo miwili, viatu vya kuteleza kwenye barafu, na safari moja koti zito la sufu, mfukoni mna tiketi ya basi ya mji ambao hakuna aliyeweza kuutamka. Nani avae koti lile Dar, mwezi wa Februari? Tukalipiga mnada palepale. Dereva akashinda, akashinda nalo mwilini hadi saa nane huku jasho likimtiririka, na fedha zikanunua mchele na sabuni za kituo cha watoto yatima kabla ya Idi Kubwa. Tangu hapo kila kioja cha Karume kikawa na mnada wake.

M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007, ilifika Tanzania mwaka uliofuata. Kwanza tuliitumia kupeleka fedha kijijini. Baadaye likaja kundi la WhatsApp, na mzee alikuwa ameshastaafu. Siku hizi mtunza hazina huandika namba yake na kuongeza: “Wapendwa, wekeni na ya kutolea.” Siidharau simu. Msiba ukitokea usiku, asubuhi rambirambi imefika, na hata aliyehamishiwa Mbeya amechangia. Bahasha haikuyaweza hayo. Ilifufuka kidogo tu Julai 2021, tozo za miamala zilipoanza na watu wakaona uchungu kukatwa fedha ya msiba. Septemba zilipopunguzwa, ikarudi kabatini.

Ninachokilaumu ni orodha. Kila anayetuma anainakili upya, jina na kiasi, kundi zima linasoma. Mwenye elfu tano akiona elfu hamsini zimetangulia, ananyamaza, kisha anasemwa kuwa mchoyo. Kaunta buku nalo lilionyesha kiasi, lakini lilifungwa na kurudi masjala. Na vioja vya Karume? Vinapigwa picha, watu wanaweka alama za kucheka, basi. Picha haipigwi mnada.

Enyi watunza hazina, andikeni majina tu, kiasi kibaki baina yenu na mtoaji. Na mnayemjua kuwa kabanwa, msimkumbushe hadharani. Idara moja ya jirani zetu imeanza hivyo, na wanaotuma elfu mbili mbili wameongezeka.