Sange: wimbo uliopotea jina

Kando ya barabara ya taifa nambari 5, pale magari yanayotoka Bukavu yanapopita Sange yakielekea Uvira, kuna kibanda kidogo chenye sola juu ya mabati. Watu huleta simu kuchaji, na wakingoja huomba wajaziwe miziki kwenye flashi au kadi memori. Mwenye kibanda wengi humwita "kijana wa miziki", ingawa sasa ni baba wa watoto watatu.

Kwa miaka zaidi ya kumi na tano alikusanya nyimbo katika kompyuta moja ya mezani. Alikuwa na rumba ya Franco na ya Tabu Ley, na nyimbo za injili zilizotoka Bujumbura na Dar es Salaam. Alikuwa pia na kwaya za hapa kwetu katika bonde la Ruzizi. Hizo zilirekodiwa mara moja tu katika studio ndogo, zikatolewa CD chache, zikauzwa mlangoni pa kanisa, basi.

Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa M23 na hofu ikashuka hadi bondeni, familia nyingi zilivuka mto Ruzizi kukimbilia Burundi. Kijana wa miziki hakuweza kubeba kompyuta na watoto pamoja. Alichukua bisibisi, akafungua mashine, akatoa diski peke yake, akaifunga ndani ya plastiki na nguo ya mtoto. Diski hiyo ililala naye katika uwanja wa mpira wa Rugombo, pamoja na maelfu ya watu waliopokelewa pale.

Aliporudi Sange alikuta kibanda kitupu. Alikopa pesa kwa ndugu, akanunua laptop ya okazi na waya wa kuunganishia diski. Alipoiwasha, diski ilianza kugonga: tak, tak, tak. Aliyezoea kazi hiyo anajua maana yake. Diski inakufa.

Akafanya haraka. Nyimbo zilikuwa zimepangwa katika folda, kila kwaya na folda yake. Lakini aliogopa kuzihamisha moja moja, diski isije ikazimika katikati. Aliamuru laptop itafute kila wimbo uliomo, kisha akazimwaga zote katika folda moja mpya. Laptop ikamwuliza: nyimbo nyingi zina jina lilelile, ya pili ichukue nafasi ya ile ya kwanza, ama zote zibaki? Akachagua zibaki zote. Kazi ilikwenda usiku kucha na mchana uliofuata, kwa kadiri ya nguvu ya betri. Baada ya siku mbili diski ilinyamaza, na haikuwaka tena.

Alimshukuru Mungu. Aliona kwamba ameokoa karibu kila kitu.

Mwishoni mwa Juni, mama mmoja aliyekuwa amerudi kutoka Burundi alisimama mbele ya kibanda.

"Mtoto wangu, ile wimbo ya kwaya yetu ingali kwako?"

"Iko, mama. Kaa kidogo niitafute."

Watu wa Sange hawahitaji kuelezwa kwa nini alikuja siku hizo. Jioni ya tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka hapa barabarani. Wengine walikimbilia kuchota mafuta yaliyomwagika, wengine walikuwa wamejaa katika nyumba za video wakitazama Kombe la Dunia. Moto ulipolipuka uliua watu zaidi ya 230. Mtoto wa kwanza wa mama huyo alikuwa mmoja wao. Ndiye aliyepiga gitaa katika kwaya ile. Picha zake zilibaki nyumbani siku ya kukimbia, na nyumba ikaporwa. Mama alitaka kusikia lile gitaa siku ya kutimiza miaka 15.

Kijana akatafuta, jasho likaanza kumtoka. CD ile haikuwa na majina ya nyimbo. Ilipoingizwa katika kompyuta zamani, mashine iliziita tu "Piste 1", "Piste 2", "Piste 3". Jina la kwaya lilikuwa kwenye folda, na folda ameivunja mwenyewe. Orodha zake za zamani nazo zilikuwa zinaonyesha njia ya kwenda mahali ambapo hapako tena. Sasa mbele yake kulikuwa na "Piste 3" 61, zikitofautiana kwa namba tu: (2), (3), (4). Kama angekubali siku ile moja ichukue nafasi ya nyingine, ingebaki moja tu, na haijulikani ipi.

"Mama, nipe siku mbili."

Usiku alikumbuka jambo moja. Faili ikinakiliwa, laptop huandika tarehe mpya ya kuundwa, lakini tarehe ya mwisho ya kubadilishwa hubaki ileile. Akapanga nyimbo zote kwa tarehe hiyo ya zamani. Zilizoingia kabla ya Julai 2010 zikajikusanya juu. Kati ya zile 61 zikabaki nne.

Mama aliporudi, akazipiga moja baada ya nyingine. Ya kwanza siyo. Ya pili siyo. Ya tatu, waimbaji hawajafungua hata kinywa, gitaa limeanza tu, mama akainua mkono. Hakuna aliyesema neno mpaka wimbo ukaisha.

Kisha kijana akamwomba amtajie kila kitu: jina la wimbo, jina la kwaya, mwaka, nani aliimba sauti ya kwanza, nani alipiga gitaa. Akayaandika ndani ya faili yenyewe, si kwenye folda, ili wimbo ukihamia mashine nyingine uende na jina lake. Halafu akauweka kwenye simu ya mama, na kwenye simu za vijana wawili waliokuwa wanachaji.

Franco na Tabu Ley wako kila mahali. Tangu Desemba 2021 rumba ya Kongo imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, na hata laptop ikiibiwa leo, nyimbo zao zitapatikana kesho. Kwaya ya bondeni haiko pengine popote. Sasa kijana anasema angeanza na hizo, na folda zake, rumba ingengoja.

Bado ana nyimbo nyingi zinazoitwa "Piste". Mchana anazipiga kwa sauti kubwa kidogo, na anayepita akitambua kwaya yake huitwa ndani aitaje. Kwa walio bado Burundi au kwa ndugu Uvira, ombi lake ni moja: msifute nyimbo za kwaya kwenye kadi memori zenu. Huenda yenu ndiyo iliyobaki.