Mkanda wa Ncha Nne Katika Gari la Shirika

Gari letu ni la shirika. Tulilinunua wanne, kila mtu akatoa alichojaliwa, na tangu siku hiyo limekuwa likitupeleka chuoni, Deira kutafuta unga wa ugali, na uwanja wa ndege kila anapokuja mgeni. Mwaka huu wawili kati yetu walitaka litiwe viti vya mbio na mikanda ya ncha nne kama ya madereva wa rali. Wawili wakakataa. Ubishi ulichukua wiki tatu, na tunayaandika hapa yaliyotokana nao kwa kuwa tumeona magari ya wenzetu kwenye maegesho yamefungwa vitu hivyo, na mengine yamefungwa kwa namna ya kutia hofu.

Hamu yenyewe tunaielewa, maana tumekulia ndani yake. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na nyumbani hadithi za Joginder Singh, aliyeshinda 1965, 1974 na 1976, na za Shekhar Mehta, aliyeibeba mara tano, husimuliwa hata na watu wasiojua kubadili gia. Huku Dubai nako yuko Mohammed Ben Sulayem, bingwa wa rali wa Mashariki ya Kati mara 14, ambaye tangu Desemba 2021 ni rais wa FIA, shirikisho la mbio za magari duniani. Basi kijana akikaa katika kiti kinachomkumbatia mbavu hujiona amekwisha kuingia katika ukoo huo.

Lakini tazameni jambo moja. Joginder alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544. Volvo ndiyo iliyoanza kutia mkanda wa ncha tatu, kazi ya mhandisi wake Nils Bohlin, mwaka 1959, na PV544 ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza kuupata. Mkanda huo tunaoudharau leo, huu wa kuvuta begani na kubana kiunoni, ni kifaa kilichofikiriwa sana. Hukaza wenyewe gari linaposimama ghafla, hukuachia ugeuke kutazama nyuma, na hufanya kazi pamoja na mfuko wa hewa. Ule wa mbio hauna hisani hiyo. Unaukaza kwa mkono kila unapokaa, na ukiulegeza ili uweze kugeuka kwenye Barabara ya Sheikh Zayed, umeuharibu. Sisi wanne tuna miili minne tofauti. Nani ataupima upya kila asubuhi saa moja, na mtihani unamsubiri?

Aliyesomea mekanika katika sisi alitufanyia hesabu kwenye karatasi ya kufungia chapati. Mtu wa kilo 70 anakwenda kilomita 60 kwa saa, gari linagonga na kusimama kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Nguvu inayomvuta mbele ni kama uzito wa tani moja na robo hivi. Uzito huo wote unapitia katika bolti chache. Bolti zikiwa zimeshika bati la sakafu tupu, unene wake kama wa debe, zitang'oka na vipande vya bati.

Ndiyo maana kanuni za FIA hazina mzaha. Mkanda ukifungwa mahali papya, upande wa pili wa bati huwekwa bamba la chuma lenye eneo lisilopungua sentimita mraba 40 na unene usiopungua milimita 3, ili nguvu itawanyike. Kiti nacho hushikwa mahali pane, kwa bolti zisizopungua milimita 8 na mabamba ya aina hiyo hiyo. Hayo ni kwa magari ya mashindano, lakini mwili wa mwanadamu haujui kama umo mashindanoni au umo njiani kwenda sokoni.

Tulikwenda gereji moja, hatutaitaja, kuuliza bei tu. Fundi, kijana mwenye haraka zake, akatuonyesha kazi aliyoimaliza asubuhi ile: mikanda ya mabega imeshushwa moja kwa moja nyuma ya kiti na kufungwa sakafuni, chini ya bolti kuna washa ndogo kama sarafu. Ilipendeza kwa macho. Tukamwomba mzee mmoja wa Kizanzibari aliyezeeka Oman, fundi mstaafu na jirani wa mwenzetu, aje aitazame picha tuliyopiga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Huyu amefunga mzigo, hakufunga mtu."

Akatueleza kwa mkono wake mwenyewe, akiukandamiza bega la mwenzetu. Mikanda ya mabega inatakiwa iende nyuma karibu sawa na usawa wa bega, au ishuke kidogo tu. FIA hupendekeza isizidi nyuzi 10. Ikishuka wima hadi sakafuni, siku ya ajali mwili unapotaka kwenda mbele, mikanda huvuta mabega chini, na uti wa mgongo ndio unaobanwa. Halafu akaugusa mkanda wa kiunoni. Huu hukaa juu ya mifupa ya nyonga, wala haukai tumboni. Mkanda wa ncha nne usio na kamba ya kupita kati ya mapaja una tabia mbaya: ile miwili ya mabega huuvuta wa kiunoni juu, na mtu huteleza chini yake, tumbo likapokea kile ambacho mfupa ungestahimili. Kwa hiyo madereva wa kweli hutumia wa ncha tano au sita.

Na kuna shingo. Ukifunga kiwiliwili imara kabisa, kichwa peke yake ndicho kinachobaki kwenda mbele. Dale Earnhardt, dereva mashuhuri wa Marekani, alikufa kwa mvunjiko wa msingi wa fuvu huko Daytona mwaka 2001, na baada yake kile kifaa cha kuzuia kichwa kiitwacho HANS, alichokibuni Robert Hubbard wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, kikaacha kuonekana ushamba. Kifaa hicho huvaliwa pamoja na helmeti. Nani huvaa helmeti kwenda Carrefour?

Lililotunyamazisha zaidi ni paa. Gari likipinduka na paa likabonyea, mtu wa mkanda wa ncha tatu huweza kuinama ubavuni. Aliyefungwa mabega yote mawili katika kiti kisicholala hubaki wima, na paa linamjia. Dawa yake ni kizimba cha mabomba ya chuma. Ila ukitia kizimba katika gari la kila siku, kichwa kitupu kina bomba la kugonga hata katika ajali ndogo. Mambo haya hushikana mkono: kiti, mkanda, kizimba, helmeti. Ukichukua kimoja na kuacha vingine umejitengenezea hatari mpya. Tena magari mengi ya leo yana mfuko wa hewa ndani ya kiti chenyewe, na ukiking'oa umeutupa pamoja nacho.

Sheria nayo ipo. Tangu Julai 2017 kila abiria katika Emirati hufunga mkanda, na asiyefunga humgharimu dereva dirhamu 400 na pointi nne nyeusi. Gari lisilo jipya haliwezi kupata mulkiya mpya bila kupita ukaguzi, na mabadiliko ya namna hii yanataka idhini kwanza.

Katikati ya ubishi palizuka, kama kawaida ya chama hiki, ubishi wa pili: tukiite nini kitu hiki? Mmoja alileta hatamu, akaambiwa hatamu huongoza kinywa cha mnyama. Mwingine, kwa utani, akaleta shogi la punda. Tumebaki na mkanda wa ncha nne, mwenye neno bora aje nalo kikao kijacho.

Kuhusu gari, kura zilikwenda tatu kwa moja. Dada wa mwenzetu hupanda nalo na mwanawe wa miaka miwili, na hilo lilipotajwa mmoja wa wale wawili alihama upande pale pale. Viti vya asili vimebaki, na mikanda yake. Aliyeshindwa anaweka akiba ili siku moja akaendeshe Dubai Autodrome, gari la kukodi la pale pale, lenye kizimba na kila kitu. Mkanda alikuwa ameshaununua. Umo kabatini ndani ya mfuko mweusi, maana jua la huku hula nyuzi, na kitambulisho chake kinasema muda wake umebaki miaka mitatu.