Kijana Atakaye Kufundisha Kiingereza

Kila mwaka, baada ya mtihani wa Serikali, vijana wa Nyabiondo hutuuliza: "Mwalimu, tukitaka kufundisha Kiingereza, tusomee wapi?" Swali hilo si dogo, maana mama huuza maharagwe ya msimu mzima ili mtoto asome.

Wako wanaodhani yatosha kukisema Kiingereza, hasa tangu Kongo ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Lakini kujua lugha ni jambo moja, kuifundisha ni jingine. Mtoto wetu ana Kihunde au Kinyarwanda nyumbani, Kiswahili sokoni, Kifaransa darasani. Kiingereza kwake ni lugha ya nne. Akiona "library" hukumbuka "librairie" ya Kifaransa, yaani duka la vitabu, kumbe ni maktaba. Akisoma "book" hutamka "buku", kwa kuwa silabi za Kiswahili huishia katika irabu. Mwalimu asiyefundishwa kazi humkaripia. Aliyefundishwa hujua kosa limetoka wapi, naye hulitengeneza.

Basi, shauri letu ni hili. Kabla ya kujiandikisha, omba orodha ya masomo, uisome pamoja na wazazi. Je, yamo matamshi, sarufi na namna ya kufundisha? Je, kuna majuma ya kufundisha darasani mbele ya mwalimu mzoefu? Je, diploma yatambuliwa na Serikali? Katika Kivu, vyuo vya juu vya ualimu, yaani ISP, vya Goma na Bukavu vina idara ya Kiingereza na Utamaduni wa Kiafrika. Kazi ya vyuo hivyo ni kulea walimu.

Safari nayo ina hatari. Januari 2025 M23 waliingia Goma, na watu wengi wa Masisi wamekimbia makwao. Mzazi aulize kwanza habari za njia. Kijana akilazimika kungoja, asikae bure: asome kila siku, awafundishe wadogo zake. Sisi tuliojifunza Kilatini seminarini twajua kwamba lugha ya kigeni huingia kwa zoezi la kila siku.

Wala asione haya kwamba Kiingereza si lugha ya mama yake. Aliyeupanda mlima kwa miguu yake ndiye ajuaye mahali penye utelezi, naye aweza kumshika mwenzake mkono.